Kombe Lililomwagika Njia ya Mtoni

Juzi jirani yangu aliuguliwa na mjukuu, akaandikiwa kombe la kunywa. Nilikwenda kumpa pole, na pale mlangoni harufu ikanipiga: zafarani na marashi, vimechanganyika na moshi wa samaki kutoka uani. Nikasimama kama mtu aliyesahau alichofuata. Jirani akasema, "Karibu ndani, dada, mbona unasimama kama mgeni?" Nikamwambia ni magoti, uzee huu. Uongo mtupu. Magoti yangu hayakuwa na neno. Nilikuwa nimerudi utotoni, nimeshika kikombe kwa mikono miwili, niko katika njia itokayo kwa Mwalimu wetu wa Kurani, na nafsi yangu yote iko ndani ya kikombe kile.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka Kindu ya siku zile. Nyumba chache za udongo za waungwana juu ya ukingo, baraza zimefagiwa, mashamba ya mpunga nyuma, kisha msitu. Chini mto Lualaba unapita, mpana, mzito, na mitumbwi ya Wagenya imefungwa kwenye matete. Juu walikaa watu wa dini, chini wakakaa watu wa mto. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyoamini, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa wa juu kwa baba na wa chini kwa mama.

Mama yangu aliingia nyumba ya Baba kwa namna walivyoingia wanawake wengi siku zile, bila posa wala mahari, na habari hiyo watu wa rika langu hawahitaji kusimuliwa. Ninachotaka kusema ni kwamba mama yake alimfuata. Bibi yangu huyo, Mgenya wa kuzaliwa ndani ya mtumbwi, alipiga kafi kutoka kwao mpaka chini ya ukingo wetu, akajenga kibanda cha matete, akakaa. Walipomwambia kwamba hawezi kupanda juu na kumwona binti yake maadamu si Mwislamu, akauliza, "Muntu anakuwa Mwislamu namna gani?" Akaonyeshwa, akasilimu siku hiyo hiyo. Hakuwa na haya kulisema. "Niliingia mulango huo kwa sababu mutoto wangu alikuwa ndani," alikuwa akituambia. "Halafu nikamukuta na Mungu ndani. Basi nikakaa."

Siku ile ya kusilimu Mwalimu alimweleza mambo mengi kwa kinywa cha mkalimani: mambo ya udhu, ya sala, ya funga, ya halali na haramu. Karibu yote yalimpita. Alilishika moja tu, kwamba Mungu ameahidi kumwitikia kila anayemwita. Hilo alilishika kama mtu ashikavyo ncha ya kamba ya mtumbwi mto umejaa. Ukimfundisha jambo lingine lolote, alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Na ile ahadi, bado iko?" Ukimwambia bado iko, alitikisa kichwa, akaridhika.

Mimi nilikuwa nikisoma chuoni kwa Mwalimu na nilikuwa hodari wa kanuni. Lo, nilikuwa mtoto wa kero! Nilijua mguu upi unatangulia mahali gani, na nini kinabatilisha udhu, na mpaka wapi maji yafike. Nikajifanya askari wa Bibi. "Bibi, umeanza na mkono wa kushoto!" "Bibi, umecheka katikati, sala imevunjika!" Naye hunitazama na kusema, "Ee, muke mwenzangu, huyu Mungu wako ana macho makali kupita mamba." Kisha huanza upya bila kinyongo, maji yanamchuruzika viwikoni. Akimaliza ile sala ya kufundishwa, aliyoijua vipande vipande, huketi kwenye ukingo wa mtumbwi, akachukua kisu na samaki, akaanza kusema na Mungu kwa Kigenya. Anampa habari za siku. Wavu umechanika. Mguu unauma. Binti yangu leo nimemwona amevaa kaniki mpya, amependeza. Wakati mwingine alicheka peke yake, magamba yamemrukia usoni, kana kwamba ameitikiwa.

Mambo hayo yalinitia aibu, na yalinitia huruma pia, kwa sababu mimi nilijua jambo asilolijua yeye. Nilijua kwamba Mungu hakai Kindu, anakaa pwani. Kwangu lilikuwa wazi kabisa. Msahafu ulitoka pwani. Ubani, udi, tende, zafarani, hata Mwalimu mwenyewe, vyote vilitoka pwani. Kila kitu cha Mungu nilichokiona kilikuja kichwani kwa wapagazi. Basi nikaona, na dua zetu zinakwenda njia hiyo hiyo. Zinafungwa pamoja na pembe za ndovu, zinapita Nyangwe, Kasongo, Ujiji, Tabora, mpaka zifike. Majibu nayo yanarudi na msafara, yakichelewa kama vitu vyote vinavyochelewa. Sasa Kigenya cha Bibi nani angekibeba? Nilikiona kabisa kimetupwa kando ya njia huko Ujiji, mzigo usio na mwenyewe. Msicheke. Nanyi mlikuwa na yenu.

Kisha Mama akaugua. Baba alikuwa safarini upande wa Lubutu, kutafuta pembe. Mama alijifungua mtoto wa kiume, mzuri, mwenye nywele nyingi, naye mtoto akakaa nasi siku chache akaenda zake. Mtoto aliondoka, homa ikabaki na Mama. Alilala kwenye kitanda cha kamba akitetemeka ilhali ngozi inaunguza, midomo imepasuka, macho yanatazama dari bila kuliona. Nilipomwita hakugeuka. Hapo ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza kwamba mama naye anaweza kwenda.

Mwenye nyumba Baba akiwa hayupo alikuwa Shangazi yangu, dada yake Baba, aliyekuja naye kutoka pwani. Msimdhanie mbaya. Nimesikia watu wakimsema, na mimi mwenyewe nimemsema nikiwa msichana, lakini Mama alipougua Shangazi ndiye aliyemwosha, ndiye aliyeshika beseni, ndiye aliyetupa maji machafu kwa mkono wake ilhali nyumba imejaa watumishi. Alikuwa anaogopa tu. Na mtu akiogopa hushika anachokijua, naye alijua kanuni. Akafukiza ubani chumba kizima. Akatoa kila kitu alichokitilia shaka. Akaamuru kwamba katika chumba kile kinachosomwa maneno ya Mungu asiingie mtu asiye na twahara kamili, wala mwenye kitu cha ushirikina mwilini. Wote tukajua ni nani anayesemwa.

Bibi alikuwa na kigwe. Kigwe cha nyuzi za mti, kimefungwa kifundoni mwa mguu wa kulia, kina simbi moja, kauri ndogo, imekwisha kusuguliwa mpaka imekuwa nyeupe kama jino. Wanawake wa kwao hukifunga siku wanapozaa mtoto wa kike, na hawakifungui maadamu mtoto yu hai. Kikikatwa, waliamini, na uzi wa mtoto unakatika. Alisilimu, alinyoa alivyoambiwa anyoe, aliacha alivyoambiwa aache, lakini kigwe kile hakikutoka. Siku zote Shangazi alijifanya hakioni. Sasa akakiona.

Bibi alipanda asubuhi na chungu cha mchuzi wa samaki, akamkuta Shangazi mlangoni.

"Mama wa mtoni," Shangazi akasema, na alisema kwa upole, "kikate kigwe hicho, uoge, utie udhu, uingie. Sikuzuii mimi. Ni sheria."

"Nikikikata mutoto wangu atakufa."

"Hayo ni maneno ya washenzi. Usipokikata, dua zinazosomwa humu ndani zitazuilika, na hapo ndipo atakapokufa."

Wakatazamana. Mmoja anaogopa kigwe kukatwa, mwingine anaogopa kigwe kuingia, na wote wawili wanamwogopea mtu mmoja. Bibi akaweka chungu chini, akarudi nyuma, akaketi nje ya ua wa matete juu ya kisiki. Akakaa pale. Jua likampiga, mvua ikampiga. Jioni hushuka kulala, asubuhi yupo. Shangazi alimpelekea chakula mara zote, wali na kitoweo, kwenye sahani nzuri, maana adabu alikuwa nayo. Lakini mlango haukufunguliwa.

Na kule ndani Mama akaanza kusema katika homa. Mchana kutwa alirudia neno moja. Shangazi hakujua Kigenya, akaniuliza, "Mtoto, anasema nini huyu?"

Nikamwambia, "Anamwita mama yake."

Shangazi akainama, akaminya kitambaa cha maji, akakiweka juu ya paji la uso la Mama. Kisha akasema, "Kesho Mwalimu ataandika kombe. Kombe litatosha."

Kombe mnalijua, lakini siku hizi linaandikwa ovyo, basi niseme lilivyokuwa. Mwalimu alichukua sahani nyeupe ya udongo wa Kichina, akaandika juu yake maneno matukufu kwa wino wa zafarani, mstari kwa mstari mpaka sahani ikawa ya manjano. Akayaosha maandishi yale kwa maji na matone ya marashi, akayamimina kikombeni, na hayo ndiyo angekunywa mgonjwa. Zafarani ile aliikung'uta kutoka kwenye kijikaratasi mpaka chembe ya mwisho. Akanionyesha karatasi tupu. "Hii ndiyo iliyobaki," akasema. "Nyingine mpaka waje watu wa Ujiji, na sijui watakuja lini."

Walinichagua mimi nilichukue kwa sababu mtoto hana dhambi. Masharti yakawa haya: nilishike kwa mikono miwili, nisiliweke chini, na nisiseme na mtu yeyote njiani mpaka lifike kinywani mwa Mama. Neno la dunia likitoka kinywani mwangu, Shangazi alinionya, maneno ya kikombeni yanageuka kuwa maji matupu. Nikaitikia kwa kichwa tu. Nilikuwa nimekwisha kuanza kunyamaza.

Njia ya kutoka kwa Mwalimu kuja kwetu ilishuka karibu na mto ili kukwepa bonde la matope, kisha ikapanda. Nilikwenda kama niendaye juu ya mayai. Watu walinisalimu nikapita, na mjue aibu ya mtoto wa Kindu kupita asiitikie salamu ya mkubwa. Mzee mmoja akanisonya. Machozi yakanilengalenga, lakini kinywa nimekifunga, natazama yale maji ya manjano yanavyocheza ukingoni mwa kikombe. Nilikuwa nikimwona Mama ndani yake. Nilimwona akinywa, akikaa kitako, akiniita jina langu.

Nikafika kwenye mpindo wa mto, na Bibi alikuwa pale. Alikuwa ameshuka kuchota maji yake. Akaniona natoka upande wa Mwalimu, peke yangu, nguo safi, mwendo wa pole, machozi mashavuni. Akaweka mtungi.

"Mauwa. Mama yako iko namna gani?"

Nikanyamaza.

"Mauwa, mutoto wangu. Ninakuuliza. Ameamkaje?"

Nikamtazama kwa macho yote niliyokuwa nayo. Nikainua kikombe kidogo ili aelewe. Hakuelewa, angeelewaje? Kwa watu wa mto mtoto akiulizwa habari ya mgonjwa akanyamaza, basi ameshajibu. Hivyo ndivyo wanavyopeleka habari ya kifo kwao, maana neno lenyewe halitamkwi kwanza, ananyamaza mjumbe, na anayesikiliza anajua.

Sijapata kuona tena uso wa mtu ukifanya vile. Akakaa pale matopeni, akajishika kichwa, na ikamtoka sauti, si kilio bado, ni ile pumzi inayotangulia kilio. Akaanza kujiburura kuelekea majini, kwa makalio, kama mtoto asiyejua kutembea. Nikasimama. Mkononi mwangu iko roho ya Mama, mbele yangu iko roho ya Bibi, na kufungua kinywa ni kuchagua.

Nikafungua kinywa. "Hajafa, Bibi! Bibi, hajafa, hajafa, yu hai!" Nikamkimbilia. Mtu hawezi kumshika bibi yake kwa mikono miwili na kushika kikombe kwa mikono miwili. Nilipomfikia na kumkumbatia shingo, kikombe kilikuwa kimelala kwenye matope, na ule umanjano unaingia ardhini taratibu, unanukia vizuri.

Hapo tukalia sote wawili, yeye kwa sababu binti yake yu hai, mimi kwa sababu nimemuua. Alipoweza kusema akaniuliza ninalilia nini, nikamweleza yote: zafarani imekwisha, maneno ya Mungu nimeyamwaga, na kabla ya kuyamwaga nimeyaharibu kwa kusema, na mengine hayapatikani mpaka msafara uje, na Mungu mwenyewe yuko mbali pwani, hata tukimwita leo atasikia mwakani.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipangusa kamasi kwa ncha ya nguo yake. Kisha akakiokota kile kikombe, akakitazama ndani, akaniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Maneno yamemwagika. Mwenye kuyasema, na Yeye amemwagika?"

Chuoni hatukufundishwa swali hilo.

"Alisema tumuite, ataitika. Hakusema tumuite kutoka wapi. Kama iko pwani tu, mbona ananiitika mimi hapa kila siku, na mimi ninanuka samaki?" Akacheka kidogo, machozi bado yanamtoka. Halafu kicheko kikakoma. Nikaona macho yake yameshuka mpaka mguuni kwake. Akakaa anakitazama kigwe muda mrefu. Najua sasa alichokuwa akijiambia, ingawa wakati ule sikujua. Alikuwa amenipa neno, na neno lile lilikuwa limemgeukia mwenyewe. Mtoto amemwaga zafarani yake kwa ajili yangu. Na mimi je?

Akainuka. "Twende," akasema.

Tulipofika Shangazi alikuwa mlangoni anangoja. Akaona kikombe kitupu, akaona matope kwenye nguo yangu, akajishika kifua. "Kombe li wapi? Mtoto, umefanya nini?" Nilitaka kujibu, Bibi akanitangulia.

"Limemwagika kwa sababu yangu, bibi mukubwa. Nipe kisu."

"Kisu cha nini?"

Bibi hakueleza. Alikaa kwenye kizingiti, akanyoosha mguu. Mtumishi akaleta kisu cha jikoni. Alikishika Bibi, huyu aliyepara samaki maelfu bila kujikata, na mara mbili ncha ikaukosa uzi. Alisema kwa Kigenya, polepole, mimi nikasikia: "Wewe unamujua. Uzi wake uliufunga Wewe kwanza, kabla mimi sijafunga kitu. Sasa nakuachia. Mushike." Kisha akavuta kisu. Simbi ikadondoka juu ya udongo mkavu. Hakuitazama. Alikuwa amefumba macho, amegeuza sikio upande wa chumbani, anasikiliza kama binti yake bado anapumua.

Shangazi naye akasikiliza. Wote tukasikiliza, hata mtumishi. Na kutoka ndani, kwa sauti kavu, likaja lile neno la Kigenya la mchana kutwa, la kumwita mama yake.

Shangazi hakuuliza habari ya kuoga. Hakuuliza udhu. Aliutazama ule mguu, ambao pale palipokuwa na kigwe pamebaki mstari mweupe wa ngozi isiyoonwa na jua tangu Mama azaliwe, akausukuma mlango kwa mkono wake mwenyewe, akasimama kando. "Pita, Mama," akasema. Mpaka siku hiyo alikuwa akimwita Mama wa mtoni.

Bibi aliingia na matope yake. Hakuketi kwenye kigoda. Alipanda kitandani, akamlaza Mama kifuani, akamfunika na nguo yake ile inayonuka mto na moshi, akamwita kwa jina lake la utotoni ambalo sisi wa juu tulikuwa hatulitumii. Mama akageuza uso akauzika pale shingoni. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wahenga hawakukosea. Na Bibi, huku akimpapasa mgongo, akaanza kusema na Mungu kwa Kigenya chake. Hakuinua sauti. Alisema kama mtu anayemkumbusha ndugu jambo walilokwisha kulizungumza.

"Ulisema. Mimi sikukuomba useme, ulisema mwenyewe. Tukuite, utaitika. Basi niko hapa nakuita. Sina zafarani, sina kigwe, sina kitu. Neno lako ndiyo kitu nilicho nacho peke yake. Siliachi mpaka unijibu."

Nilisimama nyuma ya mlango, na nikamgojea Mungu aseme. Mtoto ni mtoto. Sikusikia kitu ila mvua inaanza. Mama akalala.

Sisemi kwamba alipona pale pale. Homa ilikuja na kwenda, ikatupa hofu nyingine kubwa zaidi, na Bibi hakutoka kitandani ila kwa haja. Alimlisha mchuzi kwa ncha ya kidole. Siku moja Mama aliamka akasema mchuzi hauna chumvi, na Shangazi akakimbia jikoni mwenyewe, ushungi umemwanguka mabegani, anacheka na kulia. Kama ni dua iliyomponya, au ni mchuzi, au ni kulala kifuani kwa mama yake, Mungu ndiye ajuaye. Mimi nilipomweleza Mwalimu kwamba nimelimwaga kombe, nilingoja fimbo. Aliuliza tu, "Na mama yako?" Nikasema amekula. Akashusha pumzi, akaniambia nikakae na wenzangu. Siku hiyo nilijua kwamba hata Mwalimu alikuwa ameogopa.

Lakini yaliyonikaa zaidi si hayo. Ni asubuhi moja baada ya Mama kupata nguvu za kukaa barazani. Bibi alikuwa uani kwetu, sasa huingia na kutoka apendavyo, anapara samaki na kumpa Mungu habari zake kama kawaida. Mimi niko karibu nachambua mchele. Shangazi akatoka ndani. Alikuwa amekwisha kusali. Alama ya mkeka bado iko kwenye paji la uso. Alisimama, akaenda, akarudi. Mwisho akavuta kigoda akaketi mbele ya Bibi, karibu kabisa, magamba yanamrukia kwenye kanga yake safi naye hayakung'uti.

"Mama," akasema, "unamwambia nini kila siku?"

"Nani? Yeye? Ninamwambia mambo tu. Ya nyumbani."

Shangazi akawa anakunja na kukunjua ncha ya ushungi. "Mimi nimesali tangu nilipokuwa mdogo kama huyu. Sijaacha hata moja, hata njiani, hata nikiugua. Ile siku ulipoingia chumbani nilisimama mlangoni nikakusikia. Sikujua maneno, lakini nikajua kwamba unasema na mtu." Akajifunika uso kwa ushungi. Shangazi yangu, ambaye wapagazi walimwogopa! "Nilirudi kwenye mkeka nikataka nami niseme. Nikakosa la kusema. Yale niliyofundishwa nikiyamaliza, nanyamaza. Umri wote huu, Mama, mimi na Yeye hatujazoeana."

Bibi akaweka kisu chini. Akajifuta mikono, akamshika Shangazi magoti yote mawili, kwa mikono ile ya samaki. Hakumcheka wala hakumfundisha.

"Mwanangu," akasema, "anza kwa kumuamkia. Mengine yatakuja."

Shangazi akatazama huku na huku, kama anayeona haya kuonwa. Akaniona mimi, nikajifanya nimezama katika mchele. Akarekebisha ushungi wake. Akainamisha kichwa, akafungua kinywa, mara ya kwanza haikutoka sauti, mara ya pili haikutoka. Kisha, kwa sauti ndogo ya kitoto ambayo sikujua kuwa anayo, nikamsikia akisema:

"Shikamoo."